Majibu ya homoni yanayopanda na kushuka kwa wagonjwa wa tezi ya pituitari: tusome saa kabla ya kusoma namba

#1 Dokta_Tezi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wagonjwa wa tezi ya pituitari, ndugu wanaowauguza, na wenzetu wa zahanati na hospitali za wilaya wanaokutana na wagonjwa hawa mara mojamoja. Kuna jambo linaloumiza watu bure: dozi kukimbizana na kila karatasi ya majibu. Kotisoli, homoni ya adrenali inayousaidia mwili kuhimili magonjwa na misukosuko, mwezi wa kwanza 480 nmol/l, mwezi wa tatu 190, mwezi wa nne 350. Kila karatasi inaleta dozi mpya, na mgonjwa anazidi kuyumba.

Pituitari ni tezi ndogo kama punje ya njegere, imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Ndiyo inayoamrisha tezi ya thairoidi shingoni, tezi za adrenali juu ya figo, ovari na korodani. Yenyewe hutoa pia prolaktini (homoni ya maziwa) na homoni ya ukuaji, na huachia homoni inayozuia mwili kupoteza maji. Huharibika kwa uvimbe, ambao mara nyingi si saratani, kwa upasuaji au mionzi ya kutibu uvimbe huo, kwa ajali ya kichwa, na kwa akina mama waliovuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Hili la mwisho tusilipuuze. Mama alipoteza damu nyingi, maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, amechoka miaka na miaka, na anaishia kupewa vidonge vya kuongeza damu tu. Wakati wa ujauzito pituitari huwa imekua na inahitaji damu nyingi. Presha ikianguka ghafla, sehemu yake inakufa. Sheehan aliieleza hali hiyo mwaka 1937 na hadi leo inatupita mbele ya macho.

Tezi hii haitoi homoni kama maji ya bomba lililoachwa wazi. Inatoa kwa mapigo, na kila homoni ina saa yake. Kotisoli ya mtu mwenye afya iko juu kabisa karibu na saa 2 asubuhi, na ikifika saa 6 usiku imeshuka kabisa. Prolaktini hupanda usingizini. Homoni ya ukuaji hutoka kwa mafungu, hasa usiku, na mchana unaweza kupima usiione kabisa kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo kotisoli ya 480 iliyopimwa saa 2 asubuhi na 190 iliyopimwa saa 10 jioni zinaweza kuwa za mwili ule ule, siku ile ile, bila ugonjwa kusogea hata hatua moja.

Kabla hujasema ugonjwa umebadilika, uliza damu ilichukuliwa saa ngapi, kidonge cha mwisho kilimezwa lini, mgonjwa anameza, anapaka au anavuta nini kingine, na maabara imetumia kizio gani.

Nianze na kotisoli, maana ndiyo inayoua. Kwa mtu asiyetumia steroidi yoyote (dawa za jamii ya kotisoli), damu ichukuliwe kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Ikiwa chini ya 83 nmol/l, upungufu upo. Ikizidi 415, kwa kawaida hakuna upungufu. Katikati hapo usikisie, fanya kipimo cha kuchochea: sindano ya kutengenezwa ya ACTH, yaani homoni ya pituitari inayoamrisha adrenali, mikrogramu 250, kisha kotisoli baada ya dakika 30 na 60. Mashine nyingi zilikuwa zinadai ivuke 500 nmol/l. Mashine mpya zina kiwango cha chini zaidi, kwa hiyo iulize maabara yako. Tahadhari: katika wiki chache za mwanzo baada ya upasuaji au baada ya kuvuja damu, adrenali bado zina nguvu zake za zamani na zitaitikia sindano vizuri. Kipimo kitasema mgonjwa ni mzima, kumbe amri kutoka juu imeshakatika.

Kwa mtu ambaye tayari anameza haidrokotisoni, yaani kotisoli ya kidonge, kupima kotisoli baada ya kumeza ni kupima kidonge. Kinapanda ndani ya saa moja au mbili, na nusu yake inaondoka kwenye damu kila baada ya dakika 90 hivi. Ukitaka kujua kama tezi yenyewe imeamka, lazima zipite saa 18 hadi 24 bila kidonge, kwa maelekezo ya daktari, na mgonjwa ameze dozi yake palepale sindano ikishatoka mkononi. Aje na kidonge mfukoni na maji kwenye chupa.

#2 Zamu_ya_Usiku

Shukrani mkuu kwa somo. Swali: mlinzi au nesi anayefanya kazi usiku na kulala mchana, hiyo saa 2 asubuhi inamhusu?

#3 Dokta_Tezi

Haimhusu, mkuu. Saa ya kotisoli inafuata usingizi, ingawa inachelewa siku kadhaa kuhama. Aliyezoea zamu ya usiku kwa wiki nyingi achukuliwe damu ndani ya saa moja au mbili baada ya kuamka, na saa ya kuamka iandikwe kwenye fomu. Anayebadilisha zamu kila wiki ni mgumu zaidi; mpangie kipimo mwishoni mwa likizo, akiwa ameshalala usiku siku kadhaa mfululizo. Dozi nayo ni hivyo hivyo: ya kwanza ni ya kuamka, hata kama ameamka saa 10 jioni. Kwa upungufu unaotokana na pituitari, jumla ya haidrokotisoni huwa 15 hadi 20 mg kwa siku, mfano 10 akiamka, 5 baada ya saa nne au tano, na 5 baada ya saa nyingine nne. Ukiisogeza hiyo ya mwisho karibu na kulala, usingizi unaharibika.

Na dozi hii hairekebishwi kwa kupima kotisoli kila mwezi. Tunaangalia mtu: uzito, presha akiwa amekaa na akisimama, sukari, uchovu wa saa ngapi, uso unavimba au la. Akichoka kila siku saa 8 mchana na kupata nafuu akimeza dozi inayofuata, tatizo ni mgawanyo. Usimwongezee jumla.

#4 Darubini

Naongezea upande wa maabara, maana nusu ya kupanda na kushuka huku kunazaliwa kwetu.

Kwanza vizio. Prolaktini ya 30 ng/ml na ya 640 mIU/l ni kitu kimoja. Unazidisha kwa takriban 21. Kotisoli ya 10 µg/dl ni 276 nmol/l, unazidisha kwa 27.6. Watu wanahama maabara, namba inaruka, wanadhani uvimbe umekua. Hata vizio vikilingana, mashine za makampuni tofauti hazitoi namba moja, kwa hiyo mgonjwa wa kufuatiliwa abaki maabara moja kila inapowezekana.

Pili ACTH. Wakuu, hiki ndicho kipimo kinachoharibiwa zaidi. Homoni hii inaliwa na vimeng'enya vya damu yenyewe na inanata kwenye kioo. Tyubu iwe ya plastiki yenye kifuniko cha zambarau, ipoozwe kwenye barafu kabla ya kuchoma mshipa. Damu ikiingia, igeuze taratibu mara nane hadi kumi bila kutikisa, irudi kwenye barafu iliyochanganywa na maji, iende moja kwa moja kwenye sentrifuji ya baridi, na plazma ihamishiwe tyubu nyingine ya plastiki na kugandishwa. Ikikaa dirishani ikisubiri mpeleka sampuli, ACTH inasomeka chini. Hapo mgonjwa ambaye adrenali zake ndizo zilizokufa anaambiwa pituitari ndiyo mbovu. Dawa zinatofautiana: wa adrenali anahitaji pia fludrokotisoni ya kushika chumvi, wa pituitari hahitaji. Kama kituo hakina barafu wala friza, ni heri mgonjwa asafiri mwenyewe kuliko kusafirisha tyubu.

Tatu, bayotini. Vidonge vya nywele na kucha vina miligramu 5 au 10 za bayotini, na kwenye mashine zinazotumia mfumo wa bayotini vinapotosha: T4 huru (homoni ya thairoidi isiyofungwa na protini) inasomeka juu, TSH (homoni ya pituitari inayoamrisha thairoidi) inasomeka chini. Aache siku tatu kabla ya kupima.

#5 Famasia_Pwani

Asante ndugu yangu wa maabara. Upande wa dawa kuna makubwa, nitaje yale yanayoua kwanza.

Rifampisini ya kifua kikuu inaamsha vimeng'enya vya ini, na haidrokotisoni au prednisoloni inachomwa haraka kuliko kawaida. Mgonjwa wa pituitari aliyekuwa salama kwa dozi yake anaanza dawa za TB, ndani ya wiki mbili anaishiwa nguvu, anatapika, presha iko chini, na watu wanadhani ni TB inamzidi. Dozi ya steroidi huhitaji kupandishwa mara mbili, wakati mwingine mara tatu, tangu siku rifampisini inapoanza. Na ikiisha, ile nguvu ya ini inapoa kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo dozi irudishwe taratibu. Wengi wanasahau hili na mgonjwa anaanza kuvimba uso. Thairoksini, homoni ya thairoidi ya kidonge, nayo huathirika. Fenitoini na kabamazepini za kifafa hufanya vivyo hivyo.

Ritonaviri kwenye ARV inafanya kinyume: inazuia ini kuondoa steroidi. Mtu anayeitumia pamoja na flutikasoni ya kuvuta kwa pumu, au akichomwa triamsinoloni kwenye goti, hujaa steroidi hadi uso unakuwa wa duara, huku kotisoli yake ikisoma karibu na sifuri. Kwa mtu wa pumu, beklometasoni ni salama zaidi hapo.

Halafu mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina klobetasoli, ambayo ni steroidi kali mno, na ikipakwa mwili mzima asubuhi na jioni inapita kwenye ngozi na kuzima pituitari. ACTH chini, kotisoli chini, picha ile ile ya ugonjwa wa pituitari. Akiiacha ghafla anaanguka. Ukimuuliza "unatumia steroidi?" atasema hapana, na hadanganyi, kwake ile ni losheni. Muulize: "Unapaka nini usoni? Mwilini je? Naomba uniletee kopo lenyewe." Uliza hivyo hivyo kuhusu vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa vimefungwa kwenye karatasi au kifuko bila jina, deksamethasoni imo mara nyingi. Mashine ya kotisoli haiisomi deksamethasoni, kwa hiyo majibu yanatoka chini kabisa. Prednisoloni ni kinyume, mashine nyingi huisoma kama kotisoli, majibu yanatoka mazuri kwa uongo.

Na dada zetu wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni: kotisoli inasomeka juu kwa sababu protini inayoibeba imeongezeka, si kwa sababu inayofanya kazi imeongezeka. Wakae wiki 6 bila vidonge hivyo kabla ya kupima, wakitumia njia nyingine, au daktari ajue na asome majibu kwa jicho hilo. Ujauzito ni vilevile.

#6 Mlezi_wa_Mama

Daktari, kwa mgonjwa wa pituitari aliyeandikiwa thairoksini mikrogramu 75, TSH inasoma 0.1 na kituoni wanataka kupunguza dozi kwa kuwa "imezidi". Ni sahihi?

#7 Dokta_Tezi

Si sahihi, na nashukuru umeuliza kabla dozi haijapunguzwa. TSH ni amri inayotoka pituitari. Pituitari ikiwa mbovu, TSH inaweza kuwa chini, ya kawaida, hata juu kidogo, na hakuna hata moja inayokueleza kitu. Kwa mgonjwa huyu pima T4 huru, nayo ikae nusu ya juu ya kiwango cha kawaida cha maabara hiyo. Dozi kamili kwa mtu mzima huzunguka mikrogramu 1.6 kwa kilo ya uzito, wazee na wenye moyo dhaifu waanzie chini.

Damu ichukuliwe kabla ya kidonge cha siku hiyo. Kimezwe kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali kwa saa nne. Ukibadili dozi, subiri wiki 6 hadi 8 ndipo upime; thairoksini hutumia siku 7 kupungua nusu, kwa hiyo ukipima baada ya wiki mbili unakamata namba iliyo njiani.

Jambo la kukariri: usianze thairoksini kabla hujajua kotisoli ikoje. Thairoksini inaharakisha matumizi ya kotisoli. Mama wa Sheehan mwenye upungufu wa zote mbili, ukimpa thairoksini peke yake, unaweza kumsukuma kwenye hatari ndani ya siku chache. Haidrokotisoni kwanza.

#8 NesiWodini

Kwa ruhusa yenu niweke ya siku za ugonjwa, maana hapa ndipo mgonjwa hufia nyumbani na dawa ikiwa kabatini.

Mwili wenye afya ukipata homa huongeza kotisoli wenyewe. Wa mgonjwa huyu hauwezi. Homa ikizidi nyuzi 38, dozi ya haidrokotisoni iwe mara mbili; ikizidi 39, mara tatu. Malaria, nimonia, jino linalong'olewa, vyote vimo. Anaendelea hadi homa iishe, kisha anarudi dozi yake siku moja au mbili baadaye. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, arudie mara moja. Akitapika tena, vidonge havina kazi: ni sindano na safari ya hospitali.

Sindano ni haidrokotisoni ya unga, kichupa cha 100 mg. Vuta mililita 2 za maji ya sindano, ingiza kwenye kichupa, zungusha mkononi hadi maji yawe angavu, vuta yote, choma msuli wa paja upande wa nje. Ndugu mmoja nyumbani afundishwe. Hospitali inaendelea na dripu ya chumvi, lita moja saa ya kwanza kwa mtu mzima asiye na moyo dhaifu, na 50 mg kila saa 6. Sukari ipimwe palepale.

Wenzangu wa mapokezi, naomba sana: msisubiri majibu ya kotisoli ndipo mchome. Chukua damu, choma. Na msimrudishe mgonjwa kwa kuwa potasiamu yake ni nzuri. Kwenye ugonjwa wa pituitari homoni ya kushika chumvi bado ipo, kwa hiyo potasiamu hukaa kawaida na ni sodiamu inayoshuka.

Kichwa kikipasuka kwa maumivu ya ghafla, kutapika, kuona vitu viwili au kope kuanguka, hapo uvimbe unaweza kuwa umevuja damu ndani. Hiyo ni dharura ya usiku huo huo.

#9 Zamu_ya_Usiku

Ahsante dada nesi. Na mwezi mtukufu je? Dozi tatu za mchana zinakaaje na saumu?

#10 Dokta_Tezi

Azungumze na daktari wake mwezi mmoja kabla. Haidrokotisoni haimfikishi mtu magharibi kutoka daku, kwa hiyo wengi huhamishiwa prednisoloni, 5 mg wakati wa daku. Hiyo inalingana na haidrokotisoni 20 mg na inakaa muda mrefu zaidi. Vidonge vyake vinapatikana karibu kila duka la dawa, tofauti na vya haidrokotisoni. Thairoksini nusu saa kabla ya daku, au wakati wa kulala kama zimepita saa tatu tangu chakula cha mwisho. Akipata homa, kizunguzungu, kutapika au kuharisha, afungue palepale na kumeza dawa. Mwenye upungufu wa homoni ya maji ashauriwe asifunge kabisa. Atakauka kabla ya adhuhuri.

#11 Mlezi_wa_Mama

Na prolaktini inayobadilika kila kipimo?

#12 Darubini

Hofu ya sindano, kukimbilia foleni, kunyonyesha, na mtu kupimwa mara tu alipoamka, vyote vinaipandisha. Akae kwa utulivu dakika 20 au zaidi, saa mbili tatu baada ya kuamka. Ikiwa imezidi kidogo, irudiwe siku nyingine kabla ya kuagiza MRI. Muulizeni dawa: metoklopramidi ya kutapika, haloperidoli, risperidoni, methildopa ya presha ya ujauzito. Thairoidi iliyolala na figo zilizoshindwa nazo zinaipandisha.

Mitego miwili. Kuna prolaktini kubwa iliyofungamana na kingamwili, isiyofanya kazi lakini mashine inaihesabu. Maabara huitenganisha kwa kemikali ya PEG, na ikibaki chini ya asilimia 40, sehemu kubwa ya ile namba ilikuwa hiyo. Wa pili ni kinyume: uvimbe mkubwa kwenye picha, prolaktini 90 ng/ml tu. Inawezekana uvimbe wa aina nyingine unakandamiza shina la tezi, au prolaktini ni nyingi mno hadi imeizidi mashine. Omba sampuli ichanganywe mara 100 na kusomwa tena. Ikiruka kuwa maelfu, dawa yake ni vidonge, na mgonjwa ameepuka kisu.

#13 Famasia_Pwani

Vidonge hivyo ni kabagolini, kuanzia 0.25 mg mara mbili kwa wiki, au bromokriptini, nusu ya kidonge cha 2.5 mg usiku pamoja na chakula, ikiongezwa polepole. Anayeanza na dozi kubwa asubuhi tumbo tupu atatapika na kuanguka, kisha ataiacha. Wapangie siku za kabagolini, mfano Jumatatu na Alhamisi, maana dozi zinazorukwa ndizo zinazofanya prolaktini ipande na kushuka kama bembea. Mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijaonekana, dada zetu wajue. Maji maangavu, mepesi kama maji ya kunywa, yakidondoka puani bila mafua, hasa akiinama, aende hospitali siku hiyo. Uvimbe ukisinyaa unaweza kuacha tundu. Na ndugu wakiona mtu ameanza kamari au matumizi ya fedha yasiyo kawaida yake, wamwambie daktari. Ni dawa hiyo.

#14 NesiWodini

Kabla sijaingia zamu, la maji. Mgonjwa akianza haidrokotisoni na ghafla anakojoa lita 4 au 5 kwa siku, haidrokotisoni haijamdhuru. Upungufu wa homoni ya maji ulikuwepo, na ukosefu wa kotisoli ulikuwa unauficha. Pima sodiamu, pima mkojo wa saa 24 kwenye ndoo yenye alama.

Akipewa desmopresini, yaani homoni ya maji ya kutengenezwa, hatari inahamia upande wa pili: anakunywa maji kwa mazoea, mkojo umezuiwa, sodiamu inashuka chini ya 135, kichwa kinauma, anachanganyikiwa. Kila siku aache dawa iishe nguvu, akojoe mkojo mwingi mweupe mara moja, ndipo ameze dozi inayofuata. Na anywe kwa kiu tu. Aliyetoka upasuaji wa pituitari apimwe sodiamu tena siku ya 7, hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu mkojo mwingi wa siku za mwanzo unaweza kugeuka kuwa maji kubaki mwilini, kisha ukarudi tena. Desmopresini ya siku ya 2 isiendelee kwa mazoea hadi siku ya 7.